Hedifoni za Makokha za Kila Kitu

Makokha,

Kwanza ujue mimi sijagusa hedifoni zako. Ziko ndani ya boksi vile uliziacha. Naenda kusaga mahindi. Ukiamka, fungulia kuku na uongeze maji kwa maharagwe.

Lakini wewe bana! Jamaa wa duka kule Bungoma anakwambia ati hizi zinafaa muziki, muvi na gemu, na unaamini kama mtoto aliyeonyeshwa mandazi? Muziki: besi inanguruma mpaka soprano wa kwaya yetu anasikika kama trekta. Muvi: mtu anafunga mdomo, ndipo maneno yanafika. Gemu nayo ~~nimeuawa mara~~ mtu anaweza kuuawa kwanza, risasi aisikie baadaye. Haya yote nimeyajua kwa kuziangalia tu.

Alisema mwisho wa kubadilisha ni leo, si ndiyo? Basi usilale. Zirudishe, akupe za waya. Za waya hazichelewi.

Maziwa yaliyomwagika jikoni asubuhi, usiniulize. Mama aliita watu tu, hakutaja jina.

Ndugu yako mdogo Walubengo, mwenye masikio


Makokha, huyu ni dada yako Nabwile. Mama alitaja jina, tena akiwa amesimama mlangoni. Walubengo, macho kwa gemu, akamjibu, "Kuja haraka, wananimaliza!" na maziwa yanazima jiko. Nimefungua boksi, ni tupu. Ametoka nazo shingoni. Leo Bungoma utarudisha boksi.