Mkanda wa Mwana wa Meya

Jumanne, 10 Oktoba 1944

Mume wangu Tokuzo, meya wa mji, kahutubia tena stesheni. Vijana tisa leo wamekwenda vitani. Akina mama wasilie, anasema, mji mzima unatoa! Mji unatoa — na meya je? Mwanetu Shigeo kaandikwa ana kifua kibovu, haendi jeshini. Kifua! Jana kabeba gunia la makaa peke yake. Daktari ni rafiki wa Tokuzo, basi. Nami nimenyamaza. Nafurahi, na naona haya.

Vidole vimekufa ganzi. Mkanda wa askari una mafundo elfu ya uzi mwekundu, kila mwanamke fundo moja. Sisi tuliozaliwa mwaka wa simbamarara tu ndio hufunga kadiri ya umri, maana mnyama huyo huenda mbali akarudi. Arobaini na matatu, mara tisa!

Alhamisi, 19 Oktoba

Kisanduku cheupe cha majivu ya maiti kimefika kwa Bi Kane, muuza tofu. Ni mwanawe Isamu. Mafundo yangu arobaini na matatu alikuwa nayo kiunoni.

Tokuzo kakipeleka mwenyewe, kainama, kasema ni heshima kubwa. Bi Kane akamuuliza kifua cha Shigeo kinaendeleaje. Tokuzo kaaga akaondoka. Nyumbani kanifokea mimi, eti supu imepoa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mtu kaandika barua mkoani kuhusu kifua cha Shigeo. Karatasi nyekundu ya kuitwa jeshini imekuja, ina jina la Shigeo. Treni Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Hongera, Mheshimiwa," nikamwambia Tokuzo, kama anavyowaambia wazazi wenzake stesheni. Kaninunia.

Jumapili, 29 Oktoba

Stesheni tangu asubuhi, na kitambaa cha mkanda wa Shigeo mkononi. Kina mafundo yangu tu. Wanawake wanainama kwa adabu, wanapita.

"Samahani, Mama Meya, nawahi foleni ya mgawo."

"Macho yangu mabovu siku hizi — kama kifua cha mwanao!"

Wakacheka. Nimestahili.

Saa tisa akaja Bi Kane. "Lete." Akayahesabu mafundo kwa kidole, taratibu.

"Ya Isamu uliyafunga hivi hivi?"

Hivi hivi, dada, nikamjibu. Naapa!

Akakikunja kitambaa, akakitia kwenye ndoo yake tupu, akaenda zake. Sikuthubutu kumwita.

Jua limezama. Kwa Bi Kane moshi unafuka. Labda anachemsha soya tu, si kitambaa kinachoungua. Labda kakaa na wanawake wenzake, wanaumalizia mkanda. Siwezi kwenda kuuliza — nimuulize kwa uso upi?

Shigeo kashanyoa kichwa. Anauliza mkanda wake uko wapi —