Waasisi Hawakupiga Magoti

3 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu, Profesa wangu,

Hujambo? Unalala, unakula? Usinijibu "ndiyo" ya mkato, nataka kujua unakula nini na nani anapika. Mimi mzima, goti tu linanisumbua, nalo nimelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Kitabu chako kimefika! Nimekipapasa juu ya karatasi, nikahisi ugumu wa jalada, nikapiga kigelegele hadi fundi saa wa kibanda cha jirani akaacha saa ya mtu wazi, akaja mbio akidhani sindano ya cherehani imenichoma kidole. "Mama Profesa, kulikoni?" Nikamwambia kaa chini usije ukaanguka: mwanangu ameandika historia ya nchi, watoto watasomea. Akanipongeza vizuri, japo yeye hasali kwetu.

Sijakifungua. Jambo kubwa halifunguliwi jikoni. Nimempelekea Kiongozi wetu akifungue mwenyewe mbele ya waumini wote, asome pale waasisi walipopiga magoti mlimani, wakaikabidhi nchi kwa sala ya dini yetu, mvua ikanyesha, ndipo bendera ikapanda. Si unawajua wale wenye wana madaktari wanavyojiona? Daktari anatibu mmoja mmoja. Wewe umetibu nchi nzima.

Mama yako, ninayevimba kwa furaha

9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, napika mwenyewe, na wali unaungua kila siku kama kawaida.

Mama, barua yako imenitoa jasho. Kwanza mimi ni mwalimu tu, si profesa. Pili, nakuomba ukakichukue kitabu kwa Kiongozi kabla hajakisoma. Sura ya tatu haisemi unachodhani.

Waasisi hawakupiga magoti. Walikutana kwenye ghala la ngozi, wakabishana wiki nzima. Walikuwa wa dini mbalimbali, na mmoja wao hakuwa na dini. Kila mtu alitaka mkutano ufunguliwe kwa sala yake, mwisho wakakubaliana usifunguliwe kwa sala yoyote. Na sheria ya kwanza waliyoiandika ni kwamba raia asiulizwe dini yake. Ile picha ya waasisi wakisali mlimani, uliyoitundika juu ya cherehani, ilichorwa miaka mingi baadaye, kwa ajili ya kalenda.

Nilitaka kukueleza kwa mdomo, tumekaa wawili. Kakichukue, mama.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako imefika wakati maji yameshamwagika. Kiongozi alivaa miwani, nami nimesimama na gauni jipya, kola nimeishona kwa mkono. Akasoma kwa sauti nzito ile yake. Alipofika kwenye ghala la ngozi akarudi nyuma, akadhani ameruka mstari. Akasoma tena. Hakuwa ameruka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Haya Mama Profesa, tumeomba mlima, mwanao katuletea ngozi!" Watu wakacheka. Heri wangeendelea kucheka. Tulipotoka nje hakuna aliyecheka. Wanasema umeacha dini. Wanasema mtoto akisoma sana Mungu humtoka kichwani kama maji kwenye chujio.

Kiongozi ameniita pembeni, ameongea kwa upole. Anataka nisimame mbele ya watu niseme umepotoshwa. Kisha watakuombea, yaishe.

Nami nakuuliza, baba: ile sala ilikuwa inamdhuru nani? Nimeifundishwa na mama yangu, nikakufundisha wewe ukiwa mgongoni. Ungeiacha tu ikae.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaichukua tena.

Umeniuliza ilikuwa inamdhuru nani. Darasani kwangu yuko msichana ambaye wenzake walimtoa kwenye dawati la mbele. Nilipowauliza sababu wakanijibu bila wasiwasi: "Mwalimu, nchi hii haikuombewa kwa dini yao." Hawakuwa watundu, mama. Walikuwa wanarudia somo nililowafundisha mimi. Ndipo nikaanza kutafuta ukweli. Kama huniamini kwamba inadhuru, muulize fundi saa.

Ukisimama ukasema nimepotoshwa, sitakulaumu. Anayeishi nao ni wewe.

Mwanao

2 Aprili

Baba yangu,

U mzima? Mimi nipo, nashukuru.

Nilimuuliza fundi saa. Hakuinua kichwa, kioo chake kiko jichoni. Akasema, "Mama, babu yangu kazikwa mtaa huu huu, lakini wateja wananiuliza nitarudi kwetu lini. Kwetu ni wapi? Nyuma ya kibanda?" Akacheka. Mimi nilishindwa. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, nikidhani anapenda kutaniwa.

Kitabu nikakichukua kwa Kiongozi, na siku ya ibada nikasimama. Nikasema: "Mwanangu huyu nimemzaa mimi. Akidanganya huongea mbiombio kama anayekimbizwa na mbwa. Sura ya tatu nimeisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Haikimbii popote. Siwezi kusema amepotoshwa." Mimi bado naamini wale wazee walisali, kila mtu kimoyomoyo, maana nani ataanzisha nchi asiogope? Lakini hilo ni langu, halina ushahidi, wala sitaki uliweke kitabuni.

Kiongozi akauliza mbele ya wote: "Basi tuambie, mwanao bado ni wa dini yetu?" Nikamjibu kwamba swali hilo waasisi walilikataza. Nikakaa. Sikufichi, nilijiona mkubwa!

Ila wanawake wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Hawakugomba. Walikunja, wakaondoka.

Sasa sikia. Wao nimewanyima jibu kwa sababu sina haki ya kulitoa, na pia kwa sababu silijui. Mimi si nchi, mimi ni mama yako. Nakuuliza mimi: bado unasali? Niandikie. Liwe lolote, niandikie.

Mama yako

11 Mei

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikiomba barua hii ikukute na afya. Mimi mzima, goti limetulia.

Sina haraka ya jibu, najua una kazi nyingi, madaftari ya watoto hayajisahihishi. Na posta yenyewe siku hizi unaijua. Fundi saa anakusalimu, sasa chai tunakunywa kibandani kwake.

Juzi Kiongozi alipita hapa, akaniuliza kama umeandika. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia barua ndefu, kurasa nne, mwandiko uleule mzuri. Akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia hayo ni ya mama na mwanawe.

Wali usiunguze.

Mama yako