Uji wa Mteremko wa Mkolani

Kulwa,

Shikamoo. Haya, nimekupa. Maisha yetu yote ulinidai hiyo shikamoo kwa sababu tu ulinitangulia kutoka tumboni, nami nikakunyima. Leo nina furaha, ndiyo maana nimekuwa mkarimu.

Nyumba yako imepona. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine.

Unakumbuka tajiri wa enzi hizi za ruksa alivyochonga kilima nyuma ya nyumba yako ajenge ghala la pamba. Katapila likakwangua udongo wote mzuri, likatuachia changarawe na vipande vya zege, na kila mvua ilileta tope hadi sebuleni. Ulipozikwa tu, baba mkubwa akasema shemeji na watoto wahamie kijijini Bujora, nyumba ife. Wewe ulikuwa umeniomba kitandani: "Dotto, wasitolewe pale." Nikakuitikia huku sijui nitafanyaje.

Nikafanya ulichokuwa unakisema kila siku, kile ulichokiona ulipokuwa kibarua kwenye ujenzi wa barabara. Nilichimba vifereji vya kukinga mteremko, nikatia samadi. Nikaloweka magazeti na maboksi mpaka yakalainika, nikachanganya na mbegu za ukoka, mbolea na uji wa muhogo wa kushikisha. Halafu nikarusha yote mteremkoni kwa ile pampu kuukuu uliyoinunua mnadani, ili majani yaote na mizizi ishike udongo. Iliziba mara ngapi sijui, na kila ilipoziba nilikutukana. Majirani wakaja kunicheka: "Dotto msiba umempanda kichwani, anaipikia ardhi uji!" Walikuwa na haki. Mteremko mzima ulionekana kama ng'ombe mgonjwa amepita juu yake.

Kisha ikafika siku ya kuanua matanga. Mama na wanawake wa Bujora walilala kwako. Unamjua mama na uwanja: kwake nyumba isiyofagiliwa haina mwenyewe. Nilipofika asubuhi nikawakuta wameinama mteremkoni na mifagio yao, wanaimba, wamekwisha kufagia karibu wote, uji wangu rundo chini. Mama akaniambia kwa fahari, "Mwanangu hawezi kuagwa kwenye takataka."

Kulwa, nilikaa chini nikalia. Makaburini sikulia, nilikuwa nahesabu viti vya wageni. Pale nililia kama mtoto, mbele ya wakwe zako na kila mtu.

Nilipoweza kusema nikawaeleza. Mama akachukua kiganja cha ile takataka, akaivuruga kwa kidole, akaziona mbegu. "Kumbe ndiyo majani yenyewe!" Hakuniomba radhi, si kawaida yake. Alipiga kelele wanawake walete beseni na nyungo, wakairudisha yote juu, wakiikandika kwa viganja kama wanaokandika ukuta. Mama akaonja uji wangu uliobaki, akatema. "Mwepesi huu, hata mgonjwa angeukataa." Akakoroga wa kwake mzito, wakaumimina juu yake. Matanga yakachelewa, wageni wakala mchana umekwenda, na hakuna aliyenung'unika. Ulikuwa msiba wa kwanza nilioona watu wanaondoka na tope hadi viwikoni.

Basi ule uji wa mama ulishika. Nilimwagilia asubuhi na jioni, nikafukuza kuku na mbuzi waliofuata harufu ya muhogo. Siku moja nikaona rangi ya kijani, nikadhani macho yangu yananidanganya kwa kutaka sana. Yalikuwa majani. Hayakuota sawasawa, kuna pahala pana kipara kama cha mjomba, lakini mizizi ilishuka.

Hata hivyo baba mkubwa hakungoja. Alikuja na gari la kukodi kuwachukua. Shemeji alikuwa amefunga mafurushi, na mwanao Neema amekataa kutoka chini ya meza. Wakati wa kupakia, mvua ikashuka. Ile mvua ya kutoka ziwani, unaijua, haina adabu. Tukasimama mlangoni wote tunatazama juu.

Maji yakashuka. Maji tu, Kulwa! Yalipita juu ya majani yakaingia kwenye vifereji, na tope likabaki kwa mwenyewe, yule tajiri, kule kilimani. Sebule kavu. Baba mkubwa alitazama sakafu, akatazama mteremko, akakaa kwenye kiti chako. Baadaye akamwambia shemeji, "Fungueni hayo mafurushi, mnataka nguo zioze?" Shemeji akaenda jikoni. Nilimsikia analia na kucheka kwa pamoja, nami nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu tulipokuzika.

Nakukosa. Nikigeuka kukuonyesha kitu, hupo, na hilo sijalizoea.

Lakini nakuahidi: maadamu nipo hai, hakuna atakayewatoa watoto wako pale. Vile vipara nitavipanda upya, na ukuta wa nyuma nitaupaka rangi.

Zamani wingu likitanda tu ulikuwa unaamka na koleo, unakwenda kulizuia tope. Usiamke tena, ndugu yangu. Koleo nimempa jirani.

Wako wa tumbo moja,
Dotto