Bolti Niliyoikuta Uani

Gereji ya Nyuma ya Soko,
Katoro, Geita.
9 Juni 2025

Mpendwa kaka Raphael,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini Mlele, na kwamba mbung'o hawajakumaliza damu. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa goti la mama ambalo likipata ubaridi linamkumbusha umri. Mahindi tumeshayatoa shambani. Agatha mkeo na watoto ni wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Najua huko simu haishiki mpaka mtu apande mlimani, ndiyo maana nimemkabidhi barua hii Magesa, dereva anayewaletea vyakula. Amesema Jumatano atakuwa hapo. Naomba uisome siku hiyo hiyo.

Ni habari ya gari lako. Mwezi uliopita nilishusha giaboksi nikabadilisha klachi. Wakati wa kuirudisha nikaona baadhi ya bolti za kuishikisha na injini zimeliwa nyuzi. Sikuwa na nyingine, nami, kama tunavyozoea mafundi wa Katoro, nikaenda kwa jirani anayetengeneza karasha za kusagia mawe ya dhahabu, nikachukua za kwake. Nyuzi zilifanana, ila urefu ulizidi kidogo. Nilipokaza zikakaza, mkono ukaniambia tayari, nikaridhika. Kumbe zilikuwa zimegota mwisho wa tundu kabla hazijaibana giaboksi. Kosa ni langu, sitalitafutia mwenyewe mwingine.

Wiki ile ile gari likaanza kugongagonga chini, kama mawe ndani ya debe. Nikamwambia Agatha alilete gereji. Badala yake mama akamwita katekista Dominiko, akaliombea na kulinyunyizia maji ya baraka, kuanzia boneti hadi matairi. Siku ya tatu kelele ikakoma. Tangu hapo ukitaja gereji nyumbani unaonekana mpagani.

Mimi pia ni Mkatoliki, kaka, na maji ya baraka nayaheshimu. Lakini jana nilipokwenda nyumbani Ushirombo kuwasalimu mama na Agatha nilikuta bolti uani, pale gari linapolala, imefagiliwa pamoja na maganda ya maharage. Niliitambua mara moja. Iliyokuwa inagonga ni hiyo, na imenyamaza kwa sababu imetoka. Naogopa, kaka, sitakuficha.

Nilimwonesha Agatha. Akaigeuzageuza, akanirudishia. Akasema, "Shemeji, ukilifungua tena utaturudishia kelele. Mwenye gari akisema lisitembee, halitatembea." Funguo anazifunga kwenye pindo la kitenge, na mama yuko upande wake.

Jumamosi wanakwenda Kahama kwenye nadhiri za utawa za binamu yetu Euphrasia. Mama atakaa mbele, watoto watatu nyuma, Agatha kwenye usukani. Tayari wameshashona sare. Barabara ya Masumbwe unaijua, malori yake hayampishi mtu. Giaboksi ikiachia kwenye mwendo ule, sitaki kuandika kitakachofuata. Bolti zenye urefu sahihi ninazo hapa mezani, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja tu.

Nakuomba Alhamisi upande mlimani umpigie Agatha. Usinipigie mimi kwanza, hata kama una hasira nami, na unayo haki. Mwambie gari lisitoke mpaka nilifungue. Mimi nimeshasema mpaka nimechoka, na kwao mimi ndiye fundi niliyeliharibu.

Mama anakusalimu sana, na Salvina binti yako anasema usisahau asali. Nisalimie Donatus mpishi wenu. Mungu akulinde huko porini, na awatangulie wetu watakaokuwa barabarani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Luka

N.B. Bolti yenyewe nimeiviringisha kwenye karatasi, imo humu ndani ya bahasha, uishike kwa mkono wako. Za namna hiyo nilifunga tatu.