Mama Wagih, Aliyesimamishwa kwa Sufuria ya Supu ya Kuku

Awatif, mke wangu,

Mwaka umetimia tangu Jumanne ile, tarehe kumi na nne Machi, wiki ya nne ya Mfungo Mkubwa wa kabla ya Pasaka, saa tano asubuhi. Watu wanahesabu kuanzia Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku uliyofariki. Wahesabu wapendavyo. Mimi nahesabu kuanzia Jumanne, maana siku hiyo ndiyo walikuvua aproni.

Miaka kumi na sita ulipika katika Nyumba ya Pumziko, nyuma ya kanisa, hapa Shubra. Watu waliletwa kutoka chini ya daraja la stesheni, nywele zimegandamana, miguu imeoza, wengine hawakumbuki hata mama zao waliwaitaje. Hukumuuliza mtu jina. Maji ya moto kwanza, halafu chakula, halafu usingizi. Jina atalitoa mwenyewe akitaka. Na uliyemwosha leo, kesho ulimtuma amwoshe mwenzake anayeletwa. "Mpe beseni," ulikuwa unasema, "ajue mikono yake bado ina kazi."

Mimi niko kwenye kibanda changu cha kupiga pasi, unaniletea mashati yao ya kwenda kuombea kazi. "Baba Wagih, hili ni la bawabu. Kola isimame." Nikinung'unika unasema, "Nung'unika huku unapiga."

Ulikuwa mkali pia, tusidanganyane. Sauti yako ilifika ghorofa ya nne bila kupanda ngazi. Na ndara zako hazikuwahi kufanana; ulisema miguu haina macho.

Sasa Atallah. Alitoka hospitali kifua kibovu, mifupa mitupu. Daktari aliandika mayai, maziwa na supu ya nyama. Lakini ulikuwa Mfungo. Siku hamsini na tano hatugusi nyama, yai wala maziwa, na jikoni kulikuwa na maharage na dengu tu. Siku tatu ulimpa maharage, siku tatu aliyatapika. Jumanne ukanunua kuku. Hukumwomba mtu ruhusa, na kama una kosa, ni hilo. Abuna, padri wetu, alikuwa amekwenda mazishini Minya. Angekuruhusu, mgonjwa huruhusiwa, hata watoto wa katekisimu wanajua. Wewe ukadhani supu ya mgonjwa haiombewi kibali.

Mhandisi Lotfi, mwenyekiti wa kamati, akaingia na wageni wake kuwaonyesha jiko. Akafunua sufuria. Dada yako Nagat alikuwa palepale anamenya vitunguu, ndiye aliyenisimulia.

"Mama Wagih, hii ni nini?"

"Kuku, Mhandisi. Hamjawahi kuonana?"

"Katikati ya Mfungo Mkubwa! Ndani ya nyumba ya kanisa! Mbele ya wageni!"

"Wageni wakitaka watapata bakuli. Ila mwenyewe ni Atallah."

"Na yeye afunge kama wenzake!"

"Amefunga miaka kumi na moja chini ya daraja, Mhandisi, na hakuna kamati iliyokwenda kumpongeza."

Naye Atallah huko kitandani, sauti kama ya kifaranga: "Jamani, gombaneni, lakini supu isipoe."

Nagat anasema hata mgeni mmoja alicheka. Labda kicheko hicho ndicho kilichokuponza. Saa nane mchana karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni: Awatif Gayyid, kwa kutoheshimu Mfungo, amesimamishwa kazi ya jikoni hadi uchunguzi utakapokamilika. Ukakabidhi funguo. Ukaja kibandani kwangu, ukakaa kwenye kiti cha wateja mpaka nikamaliza mashati mawili.

Kuna jambo hawakuliandika kwenye karatasi yao. Supu ile hukuionja. Chumvi ulimwonjesha Atallah, kwa sababu wewe ulikuwa umefunga. Tangu una miaka saba hukuwahi kuvunja Mfungo hata siku moja, hata ukiwa na mimba ya Wagih, nilipokusihi na Abuna akakusihi. Na mtu huyo ndiye waliyemwandika kuwa hakuheshimu Mfungo.

Siku nane ulimpikia Atallah nyumbani. Ghorofa nne kushuka, mitaa saba, sufuria umeifunga kwa kitambaa, unaipitisha dirishani kwa Nagat kama mwizi. Nilikwambia nibebe mimi. "Wewe utaimwaga." Siku ya tisa ulikaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, hukuinuka. Daktari alisema ni moyo. Sawa, ni moyo.

Kwenye mazishi yako wanakamati walikaa mstari wa mbele. Mhandisi alisimama akakuita nguzo ya huduma. Nguzo! Nilimfuata uani nikamuuliza nani alitoa amri ile.

"Ni uamuzi wa kamati, Mzee Rizq."

Wanakamati wakaniambia ni agizo la uaskofu. Nikapanda basi hadi uaskofu, karani akapekua makabati, akasema, "Mzee wangu, hapa hakuna karatasi kama hiyo." Nikarudi kwa Abuna. "Mwachie Mungu, Rizq mwanangu." Nikamwambia Mungu hakubandika kitu mlangoni. Ni mtu mwema, lakini wema wake haufiki kwenye kamati.

Mimi sikusoma, darasa la nne tu, barua hii ya gazetini ameninyooshea Wagih. Sitaki kiti wala fidia. Nataka mstari mmoja chini ya jina lako katika kitabu cha Nyumba, kwa sababu hadi leo umeandikwa umesimamishwa, na uchunguzi haujatoa jibu. Nimechoka, Awatif. Nimepanda ngazi zao hadi magoti yamekataa.

Atallah alipona. Ni bawabu wa jengo la madaktari, shati namnyooshea mwenyewe, na amenenepa hadi kola haifungi.

Mwaka huu siku yako imeangukia tena ndani ya Mfungo. Juzi wameleta mzee mmoja asiyeweza kumeza maharage. Sasa Nagat ndiye mpishi. Amesimama mbele ya jiko, anatuuliza sisi sote afanye nini, na sisi sote tunatazama sakafu.

Unakumbukwa na mimi mumeo Rizq, wanao Wagih na Nashwa, mkweo Firyal, wajukuu zako watatu, dada yako Nagat, na wanaume wote uliowapa beseni. Hakuna hata mmoja wetu atakayekuacha usahaulike.

Na ninyi wa kamati mnaosoma hapa, Nagat anasubiri na mzee ana njaa: uchunguzi ule ulimkuta Awatif na kosa, au hakuwa nalo?