Oili Niliyomwaga Chumbani Kwako

Mtani wangu Maganga,

Shikamoo sikupi, hata huko uliko. Nimekuzidi miaka miwili, na hata ungenizidi wewe, lini Mzaramo akamwamkia Mnyamwezi? Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sijamwomba mtu. Ni ule ule wa kisomo cha watu wazima, tulipokaaga benchi moja pale Tandika ukaniambia herufi zangu zimelewa. Bado zimelewa. Zisome hivyo hivyo.

Kesho kutwa arobaini yako. Nakuandikia kabla haijafika, maana kuna neno nilitakiwa nikuambie ungali hai. Sikulisema. Siku ya mazishi likanizuia kufanya kazi yangu, mtaa mzima ukaniona.

Si unaijua kazi ya mtani msibani? Mie ndiye niliyetakiwa nizuie jeneza mlangoni. Nivae kofia yako, nitembee kama wewe, bega la kushoto limelala kwa yale magunia ya bandarini, niwafokee waombolezaji kwa sauti yako mpaka wanao wacheke huku wanalia. Watu waliningoja. Bintiyo Zuhura akanishika mkono: "Baba mkubwa, leo hutanii?" Mie, mdomo wa Tandika nzima! Nikasema kichwa kinaniuma. Nikaenda kukaa jamvi la nyuma kabisa, na watu nisiowajua.

Ngoja nikuambie kwa nini.

Unanijua mie na mchwa. Hakuna kichuguu kutoka hapa mpaka Mbagala ambacho sijakichimba. Yule malkia wa Mbagala nilimtoa kwa mikono hii, mnene kama ndizi mzuzu, na askari wake wakapanga mstari wakanipigia saluti. Ulikuwaga unanicheka: "Mtani, mwaka jana alikuwa kidole, mwaka huu ndizi, tukizeeka utatuambia mkungu." Haya, leo nakiri. Alikuwa kidole. Tena kile cha mwisho.

Basi fundi huyo huyo, boriti ya chumbani kwako ilipoanza kukumwagia vumbi kitandani, nilipaka oili chafu ya gereji mara tatu. Mchwa wakahama ukuta huu wakaenda ule. Nikakuambia wanakimbia. Walikuwa wanatembea tu.

Ndiyo akaja yule binti wa chuo, Dokta Neema, anazunguka mtaani kuomba nyumba zenye mchwa. Watu wengine mchwa wao wanawaficha, yeye anawatafuta! Ulimkubalia hajamaliza hata salamu. Akatukalisha barazani akatueleza, na mie nilijifanya najua, lakini nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Kwamba mchwa mwenyewe hawezi kumeng'enya mti. Tumboni mwake wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyotoa kimeng'enya, kitu kama mate makali, kinachougeuza mti uwe chakula. Yeye kachukua bakteria wa humo humo tumboni, akawabadilisha kule maabara, wakirudi ndani wanawaua wenzao. Hapo mchwa anakula, tumbo linajaa, na bado anakufa njaa.

Ukanikata jicho. "Kumbe huu ndio ugonjwa wa mtani wangu. Anamaliza sinia, na mbavu zinahesabika."

Binti wa watu alicheka mpaka akavua miwani.

Akasema malkia hatafutwi. Mchwa wanalishana mdomo kwa mdomo, watoto wake wenyewe watampelekea. Akaweka kisanduku cha vipande vya mti laini vilivyoloweshwa bakteria wake, chini ya ukuta wa chumbani. Sharti lilikuwa moja: tungoje wiki nne. Tusifungue, tusinyunyize dawa, tusimwage kitu chenye harufu.

Wiki hiyo hiyo kifua chako kikazidi. Zuhura akasema hulali tena chini ya boriti ile, akakuchukua kwake Buguruni. Ulitoka na mkeka mmoja na kofia. Funguo ukanipa mie. "Niangalizie, mtani. Boriti ikipona narudi. Mtu afie kwake." Tukacheka wote wawili. Mie nilicheka zaidi yako.

Sasa sikia. Siku ya tisa nikaingia na kopo la oili.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nakumbuka asubuhi ile yalipita mawili ya yale magari ya kampuni za kupuliza dawa, yameingia mjini tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, vijana wana mabomba mgongoni na buti. Hakuna aliyeniita kazini mwezi mzima. Nikawaza, bakteria wa binti huyu wakishinda, mie nani? Nikawaza pia, nikimwaga oili kidogo tu, mchwa wakifa, nitasema imeua oili yangu. Ni hivyo tu, Maganga. Nilitaka sifa. Nikamwaga kuzunguka kisanduku chote.

Kesho yake mchwa walikuwa wamekiziba kile kisanduku kwa udongo kama wanazika, wakapanda ukuta wa pili, moja kwa moja kwenye boriti iliyo juu ya mto wako.

Dokta Neema alipokuja akapiga magoti akanusa. "Mzee, kuna mtu kamwaga kitu hapa?" Nikamwambia labda paka. Akanitazama. "Paka mwenye oili?" Nikasema paka wa gereji. Hakucheka. Akafunga kisanduku chake akaondoka.

Wewe nikaja kukuambia Buguruni kwamba dawa ya chuo imeshindwa. Ulikuwa umeegemea ukuta, pumzi fupi fupi. Hukumlaumu mtu. Ukasema, "Basi, wale nao wanatafuta riziki." Halafu ukaniuliza kama dirisha la chumbani nimelifunga, mvua isije ikaingia. Siku nne baadaye ukafia pale pale, kwenye kitanda cha mkwe wako, unaangalia bati la watu.

Ungekufa tu, najua. Kifua kile hata daktari alikishindwa. Lakini ungefia kwako.

Ndiyo maana sikuweza kuvaa kofia yako. Ningekuigizaje, na mie ndiye niliyekuzuia kurudi?

Baada ya hitma ya siku ya tatu nikaenda mpaka chuoni. Getini wakaniuliza shida yangu, nikasema nimekuja kukiri kosa. Wakanielekeza kituo cha polisi! Nikawaambia kosa langu ni la mchwa. Hapo ndipo walipodhani nimechanganyikiwa. Ila nilimpata. Nikamwambia yote nimesimama. Nilidhani atanifukuza. Akavuta daftari akaniuliza nilimwaga kiasi gani, umbali gani kutoka kwenye kisanduku, saa ngapi. Akaandika kila neno langu. Maisha yangu yote nimesimulia watu, mtani, hakuna aliyewahi kuandika. Na siku hiyo ndiyo sikuongeza chumvi hata chembe.

Akarudi na visanduku vitatu. Funguo ninazo mie bado, kwa hiyo kila siku nilikwenda kukaa kwenye kigoda chako na mikono nimeikalia, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Sikugusa. Muulize Zuhura.

Juzi wiki nne zilitimia. Dokta akaniruhusu nibomoe njia yao ya udongo ukutani, kwa ukucha tu, tundu la kuingia punje ya mahindi. Unajua mwenyewe, mchwa akiwa mzima, kesho unakuta kaziba. Jana nikaenda. Tundu liko wazi. Leo asubuhi nikaenda tena. Liko wazi, na ndani pakavu, hapatembei kitu.

Hapo ndipo nilipolia, Maganga. Chumbani kwako, peke yangu, chini ya boriti iliyopona. Kilio cha mazishini kilikuja leo.

Dokta anasema tusishangilie, atapima tena mvua zikipita, huenda wapo wengine chini zaidi. Sawa. Nitangoja, sasa nimejifunza. Zuhura anahamia humo na wanawe baada ya arobaini, na kitanda chako kinabaki pale pale.

Sasa ahadi yangu. Kesho kutwa, kabla ya dua, nitavaa kofia yako. Nitalaza bega la kushoto. Nitawafokea wote waliochelewa, na wali nitausema haukuiva. Nikishawachekesha nitaivua kofia, nisimame kama mie, niwaambie nani alimwaga oili na nani aliua mchwa. Oili ni yangu; mchwa sitasema niliwaua mie. Na malkia wa Mbagala nitamrudisha kidole, mbele za watu.

Pumzika, Mnyamwezi wewe. Mzigo umetua. Wakicheka, watakuwa wamekuona wewe. Wakininunia, hiyo niachie mwenyewe.

Dirisha nimelifunga.

Mtani wako,
Mwinyimkuu, fundi mchwa mstaafu