Spoku za Mishkaki

Baba Zita,

Ndizi zimo kwenye sufuria nyeusi, nimefunika. Mbuzi apewe majani kabla jua halijawa kali. Ile pikipiki ya marehemu baba yangu ninayoifufua, usiiguse tena, hata kwa kuihurumia.

Asubuhi nachukua rozari, naona ringi ya mbele imelala upande kama mlevi. Spoku sita hazipo. Nimezikuta nje kwenye majivu, vitunguu vimezigandia. Kumbe jana nikiwa darasani kwenye ufundi, wewe na shemeji Vedastus mlikosa vijiti vya mishkaki! Kihamba kizima, shamba letu lote, kimejaa miti, ukaona ufungue gurudumu langu.

Kwaresima nzima nimekaza spoku moja, nikalegeza nyingine, nikazungusha, hadi ringi ikakaa katikati bila kuyumba. Leo jioni Mwalimu Crispin alikuwa aikague. Ulinicheka mbele ya watu: "Bibi mzima anasomea spana!" Sasa sikia: spoku iliyopita motoni hulegea, hairudi kwenye gurudumu. Hilo nimefundishwa darasani, si kwako.

Naenda misa ya asubuhi, kisha mjini kutafuta spoku nyingine. ~~Sirudi leo.~~ Nitachelewa. Ufunguo uko chini ya ndoo.

Na ujue: kwenye Baba Yetu, wakifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nitafunga mdomo. Siwezi kumdanganya Mungu kwa ajili yako.

Mama Zita